Likizo kubwa: Mtoto akitaka kuzamia baharini, tuanze wapi?



Mwisho wa mwaka wa masomo unapokaribia, mazungumzo katika vikundi vyetu hugeukia likizo: nani atawapeleka watoto kijijini kwa bibi, nani atabaki mjini, nani ana ndugu wa kumtembelea Ndola au Dar es Salaam. Siku hizi limeongezeka neno jipya. Watoto wetu wameona kwenye simu watu wakipumua chini ya bahari, mtungi mgongoni, samaki wa rangi zote wakiwapita usoni, nao wanauliza: «Mama, sisi hatuwezi?»

Wapo mama wanaofikiria kuungana familia nne au tano waende Zanzibar mwezi wa Agosti. Wapo pia wanaocheka. Sisi wa Lubumbashi, mbali na bahari, tuliolelewa kwa hadithi za mamba-muntu, tuzamie wapi?

Jibu letu ni kwamba inawezekana, tena kwa mtoto wa kawaida, si kwa shujaa. Lakini safari hii haianzii uwanja wa ndege. Inaanzia kwa daktari, kwenye bwawa la kuogelea na kwenye daftari la pesa, miezi mingi kabla. Na kuna jambo moja tunaloomba kila mama alishike tangu mwanzo: mtoto aweze kusema hapana mpaka dakika ya mwisho, hata akiwa ameshavaa mtungi. Mtoto anayezama huku anaogopa, kwa sababu tu mama ameshalipa, yuko hatarini kuliko yule asiyejua kitu. Mengi tunayoandika hapa ni ya kuilinda hapana hiyo.

Kuzamia kwa anayeanza ni kitu gani

Vipo vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni kujaribu kuzamia kwa siku moja. Mwalimu anaeleza, mnafanya mazoezi mahali pafupi, kisha anawashusha akiwa nanyi bega kwa bega. Cha pili ni kozi kamili ya siku tatu au nne, yenye masomo na mtihani, ambayo mwisho wake unapata kadi ya mzamiaji. Kwa safari ya kwanza ya familia, kujaribu kwa siku moja kunatosha kabisa.

Umri una sheria zake. Katika mfumo wa PADI, unaotumiwa na shule nyingi za kuzamia duniani, mtoto wa miaka 8 na 9 anaweza kujaribu vifaa, lakini asipite mita 2 za kina. Kuanzia miaka 10 anaweza kujaribu baharini, na hata mtu mzima anayejaribu kwa mara ya kwanza hapiti mita 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka 7 asubiri, hata kama ni mrefu kuliko kaka yake. Mtu akikuambia «haidhuru, huyu ni mkubwa», mshukuru na uondoke.

Mambo mawili ya maji tuwaeleze watoto wetu nyumbani. La kwanza: kadiri unavyoshuka, maji yanakukandamiza. Kwenye mita 10 mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Hewa uliyovuta huko chini itatanuka unapopanda, mpaka kuwa mara mbili ukifika juu. Ukipanda umezuia pumzi, mapafu yanaweza kupasuka kama puto. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kuzamia ni fupi: usizuie pumzi kamwe. Vuta, toa, vuta, toa, bila haraka.

La pili ni masikio. Mkandamizo huo unasukuma ngoma ya sikio, na mita za kwanza ndizo zinazosukuma zaidi. Mzamiaji anabana pua na kupuliza taratibu mpaka masikio yafunguke, na anafanya hivyo kabla ya maumivu, si baada yake. Yakikataa, anapanda kidogo na kujaribu tena. Yakikataa kabisa, siku hiyo hazamii. Mtoto anaweza kujifunza kupuliza huko akiwa amekaa kitandani.

Kwanza mwili

Kabla ya kuzamia kila mtu hupewa karatasi ya maswali ya afya. Ukijibu ndiyo kwenye baadhi ya maswali, lazima daktari atie sahihi kwanza. Kuna mama atakayeshawishika kuandika hapana kila mahali ili mtoto asikose. Tunawasihi, msifanye hivyo. Karatasi hiyo haimlindi mwenye shule peke yake, inamlinda mwanao. Ombeni nakala yake mapema, mwende nayo kwa daktari hapa nyumbani, mkiwa bado na muda wa kubadili mipango.

Mambo ya kumwambia daktari bila kuficha ni haya: pumu, hata kama ilikuwa ya utotoni, kifafa au kuzirai, ugonjwa wa moyo, sikio lililowahi kutoa usaha au kutoboka, upasuaji wa karibuni. Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, hazamii kabisa. Mafua ya kawaida nayo yanatosha kumzuia mtu siku hiyo, kwa sababu masikio hayatafunguka.

Kuna ugonjwa mmoja unaotuhusu sana sisi Wakongomani. Ni ule wa seli mundu, tunaouita SS. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Baridi, kiu na upungufu wa oksijeni vinaweza kuamsha maumivu makali kwa mtoto wa SS, na kuzamia kunaweza kuleta vyote vitatu. Mtoto huyo asizamie. Mtoto wa AS naye apelekwe kwa daktari, asiamuliwe na shangazi wala na mwalimu wa kuzamia. Kama hamjawahi kumpima mtoto damu kwa ajili hiyo, fanyeni hivyo sasa. Hata safari ikivunjika, mtakuwa mmejua jambo litakalomsaidia maisha yake yote.

Wasichana wetu huuliza swali moja kwa sauti ya chini, nasi tulijibu hapa waziwazi: hedhi haimzuii msichana kuzamia akijisikia vizuri. Anahitaji tu choo safi karibu na mama asiyemwaibisha mbele ya wengine.

Kuogelea, kabla ya baridi

Shule nyingine zitakuambia kwamba kwa kujaribu siku moja si lazima ujue kuogelea sana. Sisi tunasema, mtoto asiyeogelea asizamie. Anayejua kuelea hashtuki maji yakimwingia puani, na mtoto asiyeshtuka anakumbuka kupumua. Kipimo kizuri ni kile cha kozi kamili: kuogelea mita 200 bila kusimama, bila kukimbizana na saa, na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Mtoto akifika hapo, yuko tayari.

Huko Lubumbashi tuangalie kalenda. Juni na Julai ni miezi ya baridi. Mabwawa yanakuwa kama barafu, na mtoto anayetetemeka hajifunzi kitu. Mazoezi yafanyike Septemba na Oktoba kukiwa na joto, au kati ya Februari na Aprili katika siku zisizo na mvua. Mara moja kwa wiki inatosha. Tafuteni bwawa lenye mwangalizi, lipeni kwa kikundi, na mama wawili wabaki ukingoni bila simu mkononi.

Hata kama safari haitafanyika, fedha hiyo haikupotea. Wengi wetu tuna ndugu wanaosafiri kwa mashua kwenye Tanganyika, Mweru, Kivu na mto Lualaba. Tunajua jinsi mashua zinavyojazwa kupita kiasi, na tumelia misiba yake. Mtoto anayejua kuelea ana nafasi ambayo wenzake hawakuipata.

Likizo gani, upande gani wa kisiwa

Pwani ya Zanzibar inaendeshwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, joto linakuwa kali na maji yana uvuguvugu. Kusi huvuma katikati ya mwaka, hewa inapoa na bahari inachafuka upande wa mashariki. Katikati, Machi hadi Mei, kuna mvua kubwa za masika.

Sasa tulinganishe na likizo zetu. Pasaka inaangukia masika: mvua nyingi, maji yasiyoonekana vizuri, na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Noeli ni nzuri kwa bahari, lakini ni msimu wa watalii wengi, bei ziko juu, na muda wetu ni mfupi. Inabaki likizo kubwa, kati ya mwanzo wa Julai na mwanzo wa Septemba. Mvua ni chache na siku zinatosha. Watalii wa Ulaya nao wanakuja miezi hiyo, kwa hiyo nyumba iwekwe mapema.

Kwa kuwa wakati huo ni kusi, chagueni upande uliokingwa. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, zinafaa wanaoanza. Zina faida nyingine: maji hayakimbii mbali yanapokupwa. Upande wa mashariki, kama Paje na Jambiani, bahari ikikupwa unatembea muda mrefu kabla ya kupata maji ya kufika kiunoni. Mwulizeni pia mwalimu kuhusu bamvua, ile siku ambayo maji yanajaa na kukupwa sana. Mkondo unakuwa na nguvu zaidi, na kwa mtoto anayeanza ni heri kuchagua siku za maji mafu.

Karatasi

Kila mtoto awe na pasipoti yake. Isiachwe mpaka Juni, maana wakati huo kila mtu anaitafuta. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na masharti ya viza kati ya nchi zetu yamekuwa yakibadilika. Ulizeni ubalozi wa Tanzania kabla ya kulipa tiketi. Ulizeni pia kuhusu bima ambayo Zanzibar inawataka wageni wawe nayo.

Karti ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, basi karti ya zamani bado inafaa ikiwa inasomeka na jina linafanana na la pasipoti.

Mama anayesafiri na mtoto bila baba, au anayemchukua mtoto wa dada yake, abebe barua ya ruhusa ya wazazi iliyothibitishwa na serikali, na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ulizeni DGM mapema wanataka iandikwe vipi. Katika mizigo msiweke mifuko ya plastiki ya dukani. Tanzania bara imeipiga marufuku tangu Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia.

Pesa

Likelemba ni nzuri, lakini kwa safari hii ina kasoro: kila mmoja anapokea kwa zamu, na wa mwisho anaweza kupokea wakati tiketi zimeshapanda. Afadhali sanduku la pembeni, lenye mama watatu wanaoshika funguo tatu, na daftari linalosomwa kila mkutano.

Gawanyeni gharama katika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni yale yanayolipwa mtoto azamie au asizamie: njia, nyumba, chakula, karatasi. Ukurasa wa pili ni kuzamia kwenyewe. Pesa ya ukurasa wa pili ibaki mkononi mwenu mpaka mwisho. Shule ikidai kitu cha kushikilia nafasi, toeni kidogo, na muombe iandikwe kwamba mtoto akiugua, au akikataa, au bahari ikichafuka, mnarudishiwa au mnapewa siku nyingine. Shule inayokataa kuandika hivyo imekwisha kuwajibu. Hapo ndipo hapana ya mtoto inapolindwa: kwenye risiti, kabla ya kufika majini.

Kumchagua mwalimu

Msichague kwa bei peke yake. Ulizeni maswali haya, kwa simu au ana kwa ana. Mwalimu ana kadi ya ualimu ya mwaka huu? Atashuka na watoto wangapi? Sisi tunaomba wasizidi wawili. Mazoezi yatafanyika wapi kabla ya bahari? Kwenye mashua kuna oksijeni ya dharura, redio na maji ya kunywa? Mgonjwa wa kuzamia anatibiwa wapi, na anafikishwaje? Mwalimu anazungumza Kiswahili? Hilo la mwisho ni bahati yetu. Mtoto wetu ataelezwa hatari kwa lugha anayoielewa, na hiyo ni zawadi ambayo watalii wengi hawana.

Jaribuni pia vifaa nchi kavu. Kioo cha uso kikae bila mkanda pale mtoto anapovuta hewa kwa pua. Unywele mmoja ukipita chini ya mpira, maji yanaingia. Kwa hiyo misuko iwe midogo na ya kulala kichwani, ifungwe nyuma chini, na hereni zibaki nyumbani. Nguo ya mpira isimbane mtoto kifuani.

Mfundisheni ishara tangu nyumbani. Kidole gumba juu, ambacho kwetu ni «sawa», chini ya maji maana yake ni «tupande». Sawa ni duara la kidole gumba na cha shahada. Kiganja kinachotikiswa huku na huku ni «kuna shida», kisha unaonyesha panapouma. Mwambieni mtoto kwamba akionyesha gumba juu, mwalimu lazima apande naye, hata kama samaki mzuri kuliko wote ndiyo kwanza amefika.

Siku saba kisiwani

Siku ya kwanza ni ya kufika na kulala. Ya pili, watoto waingie maji mafupi na kioo na mrija, waangalie tu. Ya tatu, mazoezi na mwalimu bwawani. Ya nne, kuzamia asubuhi, kabla upepo haujaongezeka. Ya tano iachwe wazi: ni ya yule ambaye jana masikio yalikataa, au kwa wote kama bahari ilichafuka. Bila siku hiyo tupu, mtu atalazimisha.

Siku ya sita hakuna kuzamia. Mwili umehifadhi hewa ya naitrojeni iliyotokana na kina, na ukipanda juu angani mapema, hewa hiyo inaweza kutoa mapovu kwenye damu na viungo. Kanuni inayofuatwa na wengi ni saa 12 baada ya kuzamia mara moja, saa 18 baada ya mara kadhaa, ndipo upande ndege. Sisi tuhesabu siku nzima, tusibishane na saa. Na wanaorudi kwa basi au kwa treni ya TAZARA wasidhani haiwahusu: njia inapanda milima, na Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mlima nao ni juu.

Siku hiyo itumieni Mji Mkongwe. Wapelekeni watoto kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Wapiteni pia kwenye nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara aliyetawala njia za misafara mpaka Kasongo, Maniema. Watoto wetu wanazungumza Kiswahili bila kujua kwamba kwa sehemu kilikuja kwetu kwa njia hizo za pembe na minyororo. Waelezeni polepole. Mbali na pwani, huko mjini, mama na wasichana wajifunge kikwembe na kufunika mabega. Tuko kwa watu, na watu hao wana heshima yao.

Siku ya saba ni ya kurudi.

Wale wasiozamia

Katika kila kikundi kutakuwa na mtoto aliyekatazwa na daktari, mdogo ambaye miaka haijatosha, na yule atakayesema hapana mlangoni mwa bahari. Wasikalishwe mchangani kulinda viatu vya wenzao. Muda wao upangwe kama wa wengine, na pesa yao ya ukurasa wa pili ihamie kwenye jambo lao.

Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji, kimehifadhiwa tangu 1994. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kuzamia kwa mtungi pale, wote huelea juu na kioo na mrija, na matumbawe yako karibu na uso wa maji. Kwa mwenye pumu au SS, hata hilo liulizwe kwa daktari kwanza, na asikae majini mpaka apate baridi. Kuna pia kutembea ufukweni maji yakikupwa, kuona wanawake wanaolima mwani, kupanda ngalawa wakiwa wamevaa koti la kuelea. Jioni wakisimuliana, kila mtoto awe na la kusema.

Na yule aliyekataa asiulizwe kwa nini mbele ya wengine. Alifanya kile tulichomfundisha.

Kabla ya mkutano ujao, tunaomba kila mama anayefikiria safari hii afanye mambo matatu: atafute karti ya manjano ya kila mtoto, aulize bei ya bwawa la kuogelea lililo karibu na kwake, na amwulize mtoto mwenyewe, wakiwa wawili tu, kama kweli anataka. Majibu tuyalete mezani. Hesabu tutaifanya pamoja.